Kichina, Kifaransa, Kiswahili: nani anafasiri hatua ya mwisho Musonoi?

Katika migodi ya Kolwezi, na Musonoi ikiwemo, agizo moja la kazi huweza kupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia mtu anayetakiwa kulitekeleza. Msimamizi analitoa kwa Kichina. Mkalimani wa kampuni analigeuza kwa Kifaransa. Kisha mtu wa tatu, ambaye mara nyingi ni kiongozi wa zamu na hakuajiriwa kwa kazi ya lugha, analisema kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi. Hatua ya kutoka Kichina kwenda Kifaransa ina mtaalamu wake na ina malipo yake. Hatua ya kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili haina cheo, haina malipo, na ni nadra mtu kuikagua.

Makala haya yanaeleza huduma za kitaalamu za tafsiri na ukalimani wa Kichina ni kitu gani, zinateleza wapi, na kwa nini hatua ile ya mwisho inatuhusu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika kuliko tunavyodhani.

Musonoi na lugha zake

Musonoi ni jina la mto, la mgodi na la mtaa wa wafanyakazi mjini Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Mgodi wenyewe ni urithi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo nchini Kongo zilitaifishwa, nazo zikawa msingi wa kampuni ya serikali, Gécamines. Leo mgodi wa Musonoi unaendeshwa na COMMUS, ambamo kampuni ya Kichina ya Zijin ina hisa 72 kwa mia na Gécamines ina 28.

COMMUS haiko peke yake. Sicomines, kampuni ya ubia kati ya Gécamines na makampuni ya Kichina, ilitokana na mkataba wa mwaka 2008 wa kubadilishana madini na miundombinu. Mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya CMOC ilinunua hisa za Freeport-McMoRan ya Marekani katika mgodi wa Tenke Fungurume. Kwa hiyo Kichina kimekuwa lugha ya ofisi, ya karakana na ya mizani katika ukanda mzima wa shaba na kobalti.

Upande wa pili wa meza kuna lugha nyingi. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 1, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Nyumbani watu wa Kolwezi wanazungumza pia Kisanga, Kilunda, Kichokwe, Kiluba na nyinginezo. Lakini mtu wa Kasai anapokutana na Mlunda kwenye lori la mgodi, wanakutana katika Kiswahili.

Kiswahili hicho nacho kina historia ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alichunguza jinsi Kiswahili kilivyokuwa lugha ya wafanyakazi wa Katanga wakati wa Wabelgiji, ingawa wafanyakazi wengi walitoka mahali ambapo hakikuwa lugha ya mama. Alichunguza pia vitabu vidogo vya msamiati walivyoandikiwa Wazungu. Vingi vilijaa vitenzi vya kuamrisha: leta, beba, chukua, fanya upesi. Mwajiri alijifunza maneno ya kutosha kutoa amri, si ya kutosha kusikiliza jibu. Tukumbuke jambo hilo tunapotazama mawasiliano ya leo.

Mfasiri na mkalimani ni kazi mbili

Kiswahili kinatenganisha vizuri. Mfasiri anashughulika na maandishi: mkataba, mwongozo wa mashine, barua, ripoti. Mkalimani anashughulika na maneno yanayosemwa. Kichina cha kila siku kinatumia neno moja, fanyi, kwa kazi zote mbili, na kwa mtu anayezifanya. Pengine ndiyo maana kijana aliyesomea Kifaransa nchini China na kuajiriwa Kolwezi kama fanyi hujikuta anafasiri hati asubuhi, anakalimani kikao mchana, na jioni anafuatilia vibali kwenye ofisi za serikali.

Katika huduma iliyopangwa vizuri, kazi hizo zina taratibu tofauti. Kwa maandishi, kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinataka tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, asiye mfasiri mwenyewe, akilinganisha matini chanzi na matini lengwa. Anayelipia tafsiri bila kulipia mpitiaji huyo amepata rasimu tu. Bei nayo ina hesabu yake: katika soko la China tafsiri huhesabiwa kwa kila herufi 1000 za Kichina, wakati tafsiri ya Kifaransa huhesabiwa kwa neno au kwa ukurasa. Mteja asiyeuliza kinachohesabiwa hawezi kulinganisha bei mbili.

Kwa mazungumzo kuna aina tatu zinazofaa kujulikana. Katika ukalimani wa kufuatana, msemaji anasema kipande, ananyamaza, na mkalimani anakitoa kwa msaada wa alama alizoandika. Katika ukalimani wa papo kwa papo, mkalimani anasema huku msemaji akiendelea, kwa kawaida akiwa kwenye kibanda. Kazi hiyo huchosha akili haraka, na ndiyo sababu wakalimani hufanya kazi kwa timu, wakiachiana zamu kila baada ya nusu saa hivi. Aina ya tatu ni ukalimani wa kupokezana: mkalimani wa kwanza anatoa Kichina kwa Kifaransa, na wa pili anakipokea Kifaransa hicho na kukigeuza kwa lugha nyingine.

Kupokezana si aibu. Kichina ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na huko wakalimani wa vibanda vingine hukipokea kupitia Kiingereza au Kifaransa. Tofauti ni kwamba huko kila hatua ina mtaalamu, na mkalimani wa lugha ya kati anajua kwamba kosa lake moja litaenea kwenye lugha zote zinazomtegemea, hivyo husema kwa uwazi zaidi. Mgodini, mnyororo huohuo unaishia kwa mtu ambaye hakufundishwa, na ambaye huenda hata hajui kwamba anakalimani. Yeye anadhani anatoa amri ya zamu tu.

Mahali Kichina kinapotegea

Tuanze na tarakimu, kwa sababu mgodini kila kitu ni tarakimu. Sisi tunahesabu kwa maelfu na mamilioni. Kichina kina kituo kingine kati yake: wan, yaani elfu kumi. Mtu akisema sanshiwu wan, neno kwa neno ni "thelathini na tano za elfu kumi", yaani 350,000. Mkalimani aliyechoka husikia thelathini na tano, huiweka wan mahali pa "elfu" kwa mazoea, na kusema 35,000. Sifuri moja imepotea. Ikiwa ni faranga za fidia, familia imepunjwa mara kumi kabla majadiliano hayajaanza. Mkalimani mzoefu huandika tarakimu karatasini na kumwonyesha msemaji kabla ya kuendelea.

Kifaransa cha Kongo kina mtego wake. Mchina aliyejifunza Kifaransa cha Paris amezoea soixante-dix kwa 70 na quatre-vingt-dix kwa 90. Kolwezi, kwa urithi wa Ubelgiji, watu husema septante na nonante. Hili ni jambo dogo la kujifunza kwa dakika tano, lakini ni lazima mtu alijue kabla ya siku ya kikao.

Vipimo vinafuata. Jin ya Kichina ni nusu kilo. Gongjin ni kilo moja. Mahali ambapo madini hununuliwa kwa uzito na kwa kiwango cha kobalti au shaba kilichomo, silabi moja iliyoachwa inakata malipo nusu. Kuna pia mai na mai: yenye toni inayoshuka na kupanda ni kununua, yenye toni inayoshuka ni kuuza. Kwa sikio lisilozoea toni, ni neno moja.

Hapa msomaji wa Kolwezi ana mtaji asioutambua. Kiswahili hakina toni, lakini Kiluba, Kisanga na Tshiluba zinazo. Mtoto aliyekua akitofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti anaingia darasa la Kichina akijua tayari kwamba toni ni sehemu ya neno. Walimu wa lugha wangeweza kuanzia hapo.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni neno yinggai. Lina maana mbili: "inapasa" na "huenda, kwa kadiri ninavyojua". Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya. Fundi anakaribia kufungua kisanduku cha umeme. Msimamizi anasema: yinggai mei dian le. Maana yake ni kwamba kwa sasa umeme unatarajiwa kuwa umekatika. Yeye mwenyewe hajapima. Mkalimani hodari anasema kwa Kifaransa: il ne devrait pas y avoir de courant. Shaka bado imo, imebebwa na kitenzi. Kiongozi wa zamu anageuka na kuwaambia wenzake: umeme hakuna.

Hakuna aliyedanganya. Kila mtu amesema kile alichoona ndicho kiini cha habari. Lakini shaka iliyokuwamo katika Kichina, na iliyovuka salama hadi Kifaransa, imeachwa katika hatua ya tatu, na ndiyo iliyokuwa imlinde fundi. Tafsiri ambayo ingeibeba ni rahisi: "Anadhani umeme umekatika, hajapima. Tupime kwanza." Ili kusema hivyo, mtu anahitaji kufundishwa kwamba "anadhani" ni sehemu ya ujumbe.

Mahali Kiswahili kinapotegea

Huenda mtu akasema: basi waletwe Wachina wanaojua Kiswahili, tukiruke Kifaransa. Wapo. Kiswahili kilianza kufundishwa katika vyuo vya Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Radio Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliongeza haja ya lugha hiyo. Lakini Kiswahili kinachofundishwa China ni Sanifu ya Afrika Mashariki, na Kiswahili cha Kolwezi kina sarufi na msamiati wake.

Mfano ulio wazi ni kitenzi kutumika. Mfanyakazi wa Kolwezi akisema "Niko natumika ku Musonoi", anasema kwamba anafanya kazi Musonoi. Katika Sanifu, kutumika ni kuwa chombo cha mtu mwingine. Mkalimani aliyejifunzia Beijing au Dar es Salaam, akipewa sentensi "Natumika kwa Wachina", anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba mtu huyu analalamika kutumiwa vibaya. Mtu alitaja kazi yake tu. Au kinyume chake: mtu analalamika kweli, na mkalimani anayejua sehemu tu ya mazoea hayo anadhani anataja ajira yake.

Kuna pia ba- mahali pa wa-, ku na mu mahali pa -ni ya mahali, na maneno mengi ya Kifaransa ambayo tayari ni Kiswahili cha hapo. Mtu akisisitiza kufasiri kila neno la Kifaransa kwa istilahi ya Sanifu, atatoa matini safi ambayo fundi wa Musonoi hataielewa. Fundi anajua courant. Huenda hajawahi kusikia "mkondo wa umeme". Lugha lengwa ya kazi hii ni Kiswahili kinachosemwa pale, na mfasiri akubali kuandika hivyo.

Tena, wengi wa Kolwezi wamefundishwa kusoma kwa Kifaransa. Kiswahili wanakiishi kwa mdomo. Kubandika ukutani tangazo la Kiswahili Sanifu karibu na lile la Kichina kunapendeza kwenye picha, lakini sauti iliyorekodiwa, ya mtu wa mji huohuo, ingefika mbali zaidi.

Sheria na sahihi

Usalama ni upande mmoja. Upande mwingine ni sahihi chini ya karatasi. Kanuni ya Madini ya Kongo, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, inataka mwenye haki ya uchimbaji aweke hati ya majukumu kwa jamii zinazoguswa na mradi, ile inayoitwa cahier des charges, na atenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Hati kama hiyo huandikwa kwa Kifaransa. Uongozi wa kampuni huisoma kwa Kichina, na jamii huisikia kwa Kiswahili. Ni matini tatu. Zisipolinganishwa, kila upande umetia sahihi ahadi yake.

Mnamo Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walitoa ripoti kuhusu watu kuondolewa kwenye makazi na mashamba yao kwa ajili ya migodi katika eneo la Kolwezi, na mgodi wa COMMUS ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Wakazi waliohojiwa walilalamikia mashauriano na fidia. Ripoti hiyo haikuwa ya isimu, wala sisemi kwamba mgogoro wa ardhi unamalizwa na mkalimani mzuri. Nguvu za pande mbili hazilingani hata wakizungumza lugha moja. Lakini neno "mashauriano" lina sharti la lugha ndani yake: asiyeelewa alichoambiwa hajashauriwa.

Katiba yenyewe inalijua sharti hilo. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa ataarifiwa sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Kipimo hicho, lugha anayoielewa, kimewekwa kwa mtu aliyekamatwa. Sioni kwa nini kipimo hichohicho kisiwe cha kawaida kwa mtu anayehamishwa nyumbani kwake au anayetia sahihi mkataba wa kazi.

Kazi inayotusubiri

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri sheria mpya.

La kwanza ni kuipa hatua ya tatu jina na malipo. Kiongozi wa zamu anayekalimani kila asubuhi apewe mafunzo mafupi na posho ya kazi hiyo. Mafunzo yaanze na kanuni tatu: usiongeze, usipunguze, na usione haya kuuliza tena.

La pili ni kurudisha ujumbe. Anayepokea agizo la hatari alirudie kwa maneno yake, na mkalimani alirudishe kwa Kichina hadi kwa aliyelitoa. Kwenye mfano wa kisanduku cha umeme, msimamizi angesikia "umeme hakuna" na angeweza kusema: hapana, sikusema hivyo.

La tatu ni faharasa ya lugha tatu: Kichina, Kifaransa, na Kiswahili cha Kolwezi kama kinavyosemwa. Ianze na maneno ya hatari, vipimo, mshahara na ardhi, na kila neno liwe na sentensi moja ya mfano. Kamusi kubwa itakuja baadaye. Neno moja lenye maana inayojulikana na pande zote tatu lina faida kuliko kurasa mia za istilahi ambazo hakuna fundi aliyeulizwa.

La nne linatuhusu moja kwa moja. Tunaposoma tafsiri na ukalimani, mara nyingi tunafikiria mikutano mikuu, vibanda na Kiingereza. Kichina tunakiona kama somo la watu wa biashara. Lakini atakayetaka kufanya kazi hii Lualaba atahitaji vitu viwili ambavyo kitivo cha lugha kinaweza kumpa: Kichina cha kutosha kusikia yinggai, na maelezo ya kina ya Kiswahili cha Katanga. Cha kwanza kinapatikana kwa ada na miaka kadhaa ya bidii. Cha pili kinahitaji watu wa kwenda kusikiliza, kurekodi na kuandika, yaani kazi ileile tuliyojiandikisha kuisomea.

Kwa hiyo anayetafuta mada ya tasnifu mwaka huu aifikirie hii: maneno ya kiasi na ya shaka katika Kiswahili cha Kolwezi. Watu wa Musonoi wanasemaje "huenda", "karibu", "kadiri ninavyojua", "si hakika"? Orodha ya maneno hayo, yenye mifano iliyorekodiwa, ingetosha kuwa sura ya kwanza ya faharasa, na ingeweza kutumika kwenye mafunzo ya zamu mara ikikamilika.